Homa ya Ndege na Mkono Unaomnyonyoa Kuku

Kila inapovuma habari ya homa ya ndege, swali la kwanza kuulizwa majumbani mwetu ni hili: je, kuku aliwe au asiliwe? Tangu mwaka 2024, ilipotangazwa kwamba ng'ombe wa maziwa huko Marekani wameambukizwa maradhi yaliyojulikana kuwa ya ndege, swali hilo limepata mwenziwe: na maziwa je, yanyweke? Ni maswali ya haki, nasi tutayajibu. Lakini tumeona vyema kutanguliza neno moja, kwamba maswali yote mawili yanautazama mdomo wa mlaji, na hatari kubwa haipo hapo. Wengi wa walioambukizwa maradhi haya hawakuyapata mezani. Waliyapata kwa kumshika kuku mgonjwa, kumchinja, kumtia maji ya moto, kumnyonyoa manyoya, kumpasua na kumtoa matumbo. Na kazi hizo, ukiiondoa ile ya kuchinja, katika nyumba nyingi za Pwani hufanywa na kina mama na mabinti zao.

Homa ya ndege ni mafua, ya ukoo mmoja na mafua yanayotushika sisi wakati wa kipupwe, ila kirusi chake kimezoea miili ya ndege. Ndege wa majini, kama vile mabata, mabata bukini na jamii ya membe, hukibeba matumboni na mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote. Kikifika bandani kwa kuku mambo hugeuka. Kuku waliolala salama jioni huamka wamevimba nyuso, upanga wa kichwani umegeuka rangi ya zambarau, na wengine hawaamki kabisa. Aina inayotisha zaidi huitwa H5N1. Ukoo wake wa leo ulitambuliwa mwaka 1996 kwa bata bukini wa mkoa wa Guangdong, kusini mwa Uchina. Mwaka uliofuata, mjini Hong Kong, watu 18 waliugua na 6 kati yao wakafa. Wa mwanzo alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mwisho wa mwaka ule serikali ya huko iliamuru kuku wote wa mji wauawe, zaidi ya milioni moja, na kazi hiyo ikamalizwa kwa siku chache.

Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limehesabu wagonjwa zaidi ya 950 katika nchi zaidi ya 20, na karibu nusu yao wamefariki. Wataalamu hutukumbusha kwamba huenda wako wengine walioumwa kidogo, wakapona na wasipimwe, na hao hawamo katika hesabu. Hata tukiliweka hilo akilini, ni maradhi mazito kwa yule anayempata. Kinachotupa nafasi ya kupumua ni kwamba mpaka sasa kirusi hiki hakijajua njia nyepesi ya kutoka kwa mtu kumwendea mtu. Humfikia binadamu kwa taabu, na mara nyingi humpitia mnyama aliye karibu naye. Ndiyo sababu tunasema kwamba mwenye kutaka kujua hatari iko wapi na autazame mkono kabla ya kuutazama mdomo.

Tutazame yaliyotokea Uturuki mwezi wa Januari 2006. Doğubayazıt ni mji wa mashariki kabisa ya nchi ile, karibu na mpaka wa Iran, na majira hayo ni ya theluji. Watu wa huko, kama watu wengi wa vijijini duniani, walikuwa wakiwaingiza kuku ndani ya nyumba usiku ili baridi isiwaue. Kuku walipoanza kuugua, watu walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye mifugo michache hufanya: waliwachinja wale waliodhoofika kabla hawajafa bure. Katika nyumba moja watoto watatu, ndugu wa tumbo moja, walifariki katika muda wa siku chache. Walikuwa wamewashika wale kuku kwa mikono yao. Majira yale Uturuki ilithibitisha wagonjwa 12, wakafa wanne, na hao wanne walikuwa watoto na vijana.

Mwezi mmoja baadaye msiba ulihamia Azerbaijan, ukingoni mwa bahari ya Kaspi. Huko hawakuwa kuku. Kipupwe kile mabatamaji, wale ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu, walikuwa wakifa kwa wingi, na manyoya yao ni laini, hujaziwa mito na kuuzwa. Katika wilaya ya Salyan wasichana na wanawake vijana, wengi wao wa ukoo mmoja, waliwakusanya ndege wale na kuwanyonyoa. Nchi nzima walithibitishwa wagonjwa 8 na watano wakafa. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Hakuna aliyeambiwa kwamba wale walikula nyama ya batamaji. Kazi yao ilikuwa kunyonyoa tu. Manyoya makavu ya ndege mgonjwa yana vumbi la kinyesi na mate yake, na mwenye kuyang'oa huinama juu yake, akalivuta vumbi hilo puani, kisha akajifuta jicho kwa mkono ule ule.

Lakini nchi yenye mengi ya kutufundisha sisi ni Misri. Kirusi kilionekana huko kwa kuku mwezi wa Februari 2006, na mwezi uliofuata akafa mtu wa kwanza, mwanamke wa mkoa wa Qalyubia, kaskazini ya Cairo. Kutoka hapo mpaka miaka kumi na zaidi baadaye Misri ilihesabu wagonjwa 359 na waliokufa 120. Mwaka 2015 peke yake uliwapata watu 136, idadi ambayo hakuna nchi nyingine iliyokuwa imeifikia kwa mwaka mmoja. Aliyezisoma orodha za wagonjwa wale, hasa za miaka ya mwanzo, aliona jambo moja likijirudia: mwanamke, mwanamke, mtoto, mwanamke.

Sababu yake haihitaji mtaalamu. Katika vijiji vya delta ya Nile, na hata katika mitaa ya Cairo yenyewe, familia za kipato kidogo hufuga kuku, mabata na njiwa uani au juu ya dari la nyumba. Mwenye kufuga ni mama. Huwalisha, hufagia tundu lao, huokota mayai, huwauza siku ya haja ya ada ya skuli au dawa, na mgeni akija huwa yeye wa kumwandaa mmoja wao kwa chakula. Mali yake ni hiyo, na mara nyingi hana nyingine iliyo yake mwenyewe. Serikali ilipowaua kuku wa majumbani ili kuyazima maradhi, wenye kuku wengi wadogo wadogo hawakuona fidia ya maana. Matokeo yakawa yale ambayo mtu yeyote aliyekulia nyumba ya namna hiyo angeyatabiri: kuku walifichwa chini ya vitanda na katika vyumba vya kulala, karibu zaidi na watoto kuliko walivyokuwa mwanzo. Amri iliyokusudiwa kumtenga kuku na binadamu ikawaweka chumba kimoja.

Hapa tunafika nyumbani kwetu, na tunataka kulisema jambo ambalo halisemwi sana. Sheria yetu imetuharamishia mzoga. Kuku akifa mwenyewe hana ila kutupwa, na kwa mama mwenye kuku sita au saba hiyo ni hasara ya wiki nzima. Kwa hivyo kuku akionekana amejikunyata pembeni, mbawa zimemwanguka, macho yamefumba nusu, sauti inayosikika uani ni moja: "Wahini kisu, asije akafa!" Kijana huitwa, Bismillahi ikasomwa, kuku akachinjwa akiwa na uhai wake, na jioni yuko sufuriani.

Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi wameieleza kwa urefu hukumu ya mnyama mgonjwa anayewahiwa akiwa na uhai thabiti, nasi hatukai kitini mwao. Tunalolisema ni kwamba swali la uhalali wa nyama linajibiwa na kisu, na swali la usalama wa mkono ulioishika nyama ile halijibiwi na kisu hata kidogo. Kuku mgonjwa ni yule yule, na kirusi kimejaa damuni, mapafuni, matumboni na kwenye manyoya. Akichinjwa, damu hurushwa. Akitikisika, manyoya hutawanyika. Akichovywa katika maji ya moto, mvuke humpanda usoni yule aliyeinama juu ya beseni. Saa ile ya kuwahi kisu ndiyo saa ya hatari kuliko zote, kwa sababu ndiyo saa ambayo ndege ana kirusi kwa wingi wa mwisho. Si bure kwamba neno halali, katika mafunzo yetu ya chakula, hufuatana na neno twayyib.

Tutaulizwa: na kideri je? Kweli, tukisema ukweli wote, kuku wanaokufa kwa wingi katika vijiji vyetu aghalabu huuawa na kideri, ambacho wengine hukiita mdondo na wataalamu hukiita Newcastle. Hupita, hasa hali ya hewa inapobadilika, na kikipita huacha tundu tupu. Dalili zake zinafanana mno na za homa ya ndege: kukohoa, kuharisha, shingo kupinda, kufa kwa ghafula. Hata daktari wa mifugo aliye hodari hawezi kuyatenganisha maradhi haya mawili kwa macho. Lazima sampuli ipelekwe maabara. Na hapa ndipo ilipo hofu yetu hasa. Kwa kuwa kila mara tumezoea kusema "ni kideri hicho," siku itakapokuwa si kideri hatutajua. Kuku watachinjwa, watanyonyolewa, wataliwa, walio wazima watauzwa sokoni haraka kabla hawajaanguka, na habari itafika kwa mkubwa wa mifugo pale mtu atakapolazwa hospitali.

Kuna dawa moja ya jambo hili, nayo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kideri kina chanjo. Hutiwa tone jichoni mwa kuku, na kikundi cha kina mama wa mtaa mmoja wakichangishana wanaweza kuinunua chupa moja ikawatosha kuku wao wote siku hiyo hiyo. Chupa ikishafunguliwa haikai, ndiyo maana ni kazi ya kikundi. Faida ya kwanza ni kwamba kuku hawafi. Faida ya pili, ambayo haitajwi, ni kwamba kuku waliochanjwa dhidi ya kideri wakifa kwa wingi, jirani wote wanajua kuwa kuna jambo jingine limeingia, na simu inapigwa mapema.

Na kuingia kunawezekana. Kila mwaka, kuanzia miezi ya Agosti na Septemba, ndege wa ufukweni hutua katika hori ya Mida kule Watamu na kwenye mlango wa mto Sabaki, wametoka Ulaya na Asia, nao hukaa hadi karibu Aprili. Wamekuwa wakija tangu kabla ya babu zetu kujenga Gede, na hakuna sababu ya kuwafukuza wala kuwapiga mawe. Kinachotakiwa ni kutoliokota kamwe lile lililokufa ufukweni, kuwakataza watoto wasilichezee, na kuwalisha kuku ndani ya uzio ili chakula kilichomwagwa nje kisiwaite ndege wa porini. Mwezi wa Januari 2017 membe na jamaa zao waliokotwa wamekufa ukingoni mwa ziwa Victoria karibu na Entebbe, Uganda, na ikathibitika kuwa ni homa ya ndege ya aina nyingine, H5N8. Kenya ilipiga marufuku mara moja kuku na mayai kutoka Uganda. Kabla ya hapo, mwaka 2006, H5N1 ilikuwa imefika Nigeria, Misri, Sudan na Djibouti, na huko Djibouti mtoto wa miaka miwili aliugua. Djibouti si mbali na sisi kwa njia ya bahari wala kwa njia ya ndege arukaye.

Sasa kuhusu ng'ombe, ambako hatutakaa sana. Mwezi wa Machi 2024 mamlaka za Marekani zilithibitisha H5N1 katika ng'ombe wa maziwa wa majimbo ya Texas na Kansas. Wenye ng'ombe walikuwa wameona maziwa yanapungua na kuwa mazito ya njano, na paka wa mashambani waliopewa maziwa mabichi wakafa. Siku chache baadaye mfanyakazi mmoja wa shamba huko Texas alithibitika kuambukizwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Hadi mapema mwaka 2025 watu wapatao 70 walikuwa wamethibitishwa nchini humo, karibu wote wakamuaji au wafanyakazi walioajiriwa kuwaua kuku wagonjwa, na wengi walipona kwa wepesi. Mmoja alifariki, mwezi wa Januari 2025, katika jimbo la Louisiana. Alikuwa mtu mzima wa umri uliopita miaka 65, na kilichomfikia hakikutoka kwa ng'ombe, kilitoka kwa kuku wa uani na ndege wa porini. Hata Marekani, basi, tunarudi pale pale uani.

Kirusi kilionekana kwa wingi mno katika maziwa mabichi ya ng'ombe wagonjwa, kwa sababu hukaa kwenye kiwele. Maziwa ya pakiti yalipopimwa madukani huko yalikutwa na mabaki ya kirusi, lakini mabaki yaliyokufa. Joto la kiwandani lilikuwa limekwisha kukiua. Jibu la swali la maziwa ni hilo. Yaliyochemshwa hayana neno, yawe ya pakiti au ya jirani mwenye ng'ombe wawili, mradi yametokota. Mabichi yaachwe. Tunajua kwamba kwa ndugu zetu wafugaji wa Tana River na wa Garissa maziwa mabichi ni mazoea ya tangu na tangu, na wapo watakaotuambia kuwa kuchemsha huondoa ladha. Ni kweli huondoa. Huondoa pia maradhi mengine ambayo hayahitaji kutoka Texas, kwani tayari yako kwetu.

Kwa hilo watu wa ukanda wetu hawahitaji kusimuliwa. Mwisho wa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ililipuka Garissa na Ijara, ikashuka Tana River na kufika Kilifi. Hiyo huletwa na mbu kwa mifugo, lakini watu wengi waliipata kwa kuchinja, kuchuna, kusaidia ng'ombe anayezaa au kutoa mimba, na kunywa maziwa mabichi. Kenya ilipoteza watu zaidi ya 150. Uchinjaji ulizuiliwa katika sehemu zilizoathirika, na Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka mashaka ya siku zile. Maradhi ni mengine na mnyama ni mwingine, lakini mlango ni ule ule: mkono wenye damu, na kikombe ambacho hakikupita motoni.

Turudi kwenye hofu yenyewe, maana nayo ina madhara yake. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, habari za homa ya ndege zilipojaa redioni, watu wa Kenya waliacha kununua kuku. Hakukuwa na kuku hata mmoja nchini aliyethibitishwa kuugua. Wafugaji walibaki na kuku wazima wasiokuwa na mnunuzi, chakula chao kikiendelea kuliwa kila siku, na bei ikaanguka. Aliyeumia zaidi hakuwa mwenye kampuni kubwa, aliye na akiba na benki. Alikuwa mama aliyechukua mkopo wa kikundi akanunua vifaranga mia. Uvumi wa mitaani una tabia hiyo: humwadhibu asiyekuwa na kosa, kisha humfundisha kunyamaza. Mwaka unaofuata kuku wake wakiugua kweli, atasema nini, na kwa nani? Akipiga ripoti, watauawa wote. Asipopiga, huenda akawauza nusu kabla jua halijachwa.

Sheria ya Kenya ya magonjwa ya wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na maradhi ya hatari atoe habari mara moja. Mtume (s.a.w.) naye alikwisha kumkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka walipo wazima, na mwenye kuwapeleka kuku wagonjwa sokoni anajua fika kwamba yuko upande gani wa katazo hilo. Haya yote ni kweli. Lakini maoni yetu ni kwamba hatuwezi kumtaka mama aseme kisha tukamwacha mikono mitupu. Serikali zetu za kaunti zinapopanga bajeti za mifugo, na ziandike humo fidia ya kuku wa nyumbani, kwa bei ya sokoni, na ilipwe upesi bila mama kupanda na kushuka maofisini. Misri ilituonyesha gharama ya kutofanya hivyo. Fedha za kuwalipa wenye kuku ishirini ni ndogo kuliko gharama ya kitanda kimoja cha wagonjwa mahututi.

Tumeahidi jibu la kuku, nalo ni hili. Kuku mzima aliyechinjwa vyema na akaiva analiwa bila wasiwasi. Kirusi hufa nyama inapofikia joto la digrii 70 ndani kwa ndani, na kuku wetu wa kupaka huipita hapo mara mbili: hubanikwa, kisha hupikwa katika tui. Alama za mpishi zinatosha: nyama isiwe na wekundu karibu na mfupa, na maji yake yawe meupe. Yai na liive mpaka kiini kishike. Anayependa yai la kukaanga lenye kiini kinachotiririka na asubiri habari zitulie.

Kazi iliyo kabla ya sufuria ndiyo inayohitaji kubadilishwa. Kuku mzima na achinjwe nje, palipo na hewa, watoto wakiwa mbali. Na wasipewe kichwa wala miguu kuchezea, kama ilivyo desturi katika baadhi ya nyumba. Anayenyonyoa na ajifunge leso puani na mdomoni, au avae barakoa, ambazo zimebaki kabatini kwa wengi wetu tangu siku za korona. Kuku na achovywe mzima mzima katika maji ya moto, anyonyolewe akiwa maji maji, maana manyoya yaliyorowa hayatoi vumbi. Mikononi glavu za mpira, zile za kuoshea nguo, zinatosha. Mifuko ya plastiki ambayo bibi zetu waliitumia ilipigwa marufuku tangu 2017 na wala haikuwa ikiziba kitu. Baada ya kazi, mikono, kisu na kibao vioshwe kwa sabuni. Sabuni ya kawaida hukivunja kirusi hiki. Haihitajiki dawa ya bei. Na kibao kilichokatiwa kuku mbichi kisikatiwe kachumbari kabla hakijaoshwa.

Kuku anayesinzia, kwa upande wake, asiwahiwe kisu. Tunajua ni jambo zito kulisema katika nyumba yenye shida, lakini tunalisema. Na atengwe, asiguswe kwa mkono mtupu, na wakiwa wawili au watatu wameanguka kwa siku moja apigiwe simu afisa wa mifugo wa wadi. Waliokufa wasitupwe jaani wala baharini, ambako paka na kunguru watawatawanya. Wakae walipo, wamefunikwa, mpaka afisa aseme la kufanya. Akiagiza wazikwe, shimo liwe refu na mbali na kisima. Katika miji kama Lamu na Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na visima viko ndani ya nyua, hili linahitaji kuzungumzwa na wazee wa mtaa kabla ya haja kutokea.

Limebaki la daktari. Huko Misri wako wagonjwa waliofika hospitali na homa na kukohoa, wakaulizwa kama wameshika kuku, wakakana, kwa kuogopa kuku wao wasije wakachukuliwa. Wakatibiwa kama wenye mafua ya kawaida, na siku zikapita. Iko dawa ya maradhi haya, jina lake oseltamivir, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo. Kwa hivyo mtu aliyeshika ndege wagonjwa au waliokufa, kisha ndani ya siku kumi akapata homa, macho mekundu au kifua kubana, aende kituo cha afya akiwa amefunika mdomo, na jambo la kwanza atakalomwambia mhudumu, kabla hajaulizwa, liwe kwamba alikuwa na kuku wagonjwa nyumbani, ni lini, na ni nani mwingine aliyewashika.